Mgongo wa Shemeji

Siku nilipomwona shemeji yangu kwa mara ya kwanza, alikuwa amebeba vimto, yaani mito midogo ya kitambaa. Ulikuwa mwezi wa tisa, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, na mimi nilikuwa bibi harusi mpya Toronto, bado nahesabu nguo za baridi nisizojua kuzivaa. Parokia yetu ilikuwa na sikukuu ya kuzaliwa Bikira Maria. Wagoa waliotoka Afrika Mashariki hawaichezei siku hiyo. Sanamu huwekwa juu ya machela ya mbao iliyopambwa maua, wanaume wanne hujitwika mabegani, na watu wote huandamana nyuma yake kuzunguka maegesho ya magari ya kanisa wakiimba. Kila ukoo unaojiheshimu hutaka mtu wake awe chini ya ile machela.

Kwetu aliyebeba alikuwa mume wangu, mtoto wa mwisho, mfupi na mwenye tumbo la chapati. Kaka yake mkubwa, ambaye kwa desturi ndiye aliyestahili kubeba, alitembea pembeni amejiinamia, mikononi ana vimto vidogo vya kuweka begani ili mbao isiwaumize wabebaji. Kila walipopumzika alikuwa akiwarekebishia. Alifanya kazi hiyo kwa makini sana, kama mtu anayefunga kidonda.

Nikamuuliza mama mkwe kwa nini habebi.

"Mgongo," akasema. "Aliumia jeshini."

Mimi na mama mkwe tulikuwa tunaongea Kiswahili. Alizaliwa Tanga na kuzaa Tanga, wakahamia Kanada watoto wakiwa wanasoma. Mume wangu alirudi Tanga ukubwani kutafuta kaburi la babu yake, akanipata mimi. Mama alikuwa na Kiingereza cha kuongea na watoto, Kikonkani, lugha ya Goa, cha kusali, na Kiswahili cha kugombana. Tangu afiwe na mumewe hakuwa na wa kugombana naye vizuri, kwa hiyo nilipofika alifurahi sana.

Basi huo mgongo wa shemeji ulikuwa mali ya parokia nzima. Akiingia ukumbini, watu watatu wanasimama kumpa kiti. Padre akiomba kwa ajili ya wagonjwa, mgongo upo. Kila Krismasi wamama walimletea dawa za kuchua: za chupa, za kopo, za mafuta ya haradali yaliyotengenezwa nyumbani. Alizipokea zote kwa heshima, kisha akaniletea mimi. Nilikuwa nimepata kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, kazi ya kunyanyua watu kutwa nzima, na kiuno changu ndicho kilichokuwa kinauma kweli.

"Chukua, shem," ananiambia. "Mungu anajua kuelekeza sadaka."

Kanisani ilijulikana kwamba anafanya kazi ya ofisini katika kampuni ya lifti. Ukweli ni kwamba alikuwa fundi. Alitengeneza lifti za yale maghorofa ya Dixon Road, karibu na uwanja wa ndege, ambako lifti zikigoma wamama wenye mifuko ya unga hukaa chini wanalia. Wabarawa wa kule, watu wa pwani ya Somalia wenye Kiswahili chao, walimpenda kwa sababu alikuwa akiwajibu kwa Kiswahili cha Tanga akiwa amelala juu ya lifti na spana mdomoni. Mimi nilijua ni fundi, lakini sikuwahi kujiuliza fundi lifti ana mgongo gani.

Nilijiuliza siku mama alipoteleza bafuni. Ilikuwa majira ya baridi, mume wangu yuko safarini, na mimi niko peke yangu na mama katika fleti yake ya Don Mills. Hakuvunjika, ila alikuwa amekwama kati ya beseni na ukuta na mimi nimeshindwa kumtoa. Nikampigia shemeji. Akaja kutoka kwake mjini kati, karibu na Regent Park, akavua koti, akapiga magoti, akapitisha mikono chini ya mama na kusimama naye. Hakuguna wala hakujishika popote. Kazini kwetu mtu wa uzito ule tunanyanyua wawili na mkanda.

Na mama, akiwa juu mikononi mwa mwanawe, miguu inaning'inia, akasema kwa sauti ya mimi kusikia, "Taratibu, baba, mgongo wako."

Tulipomlaza nikamfuata shemeji jikoni. Nikamuuliza mgongo wake una nini hasa.

"Una mama yangu juu yake," akasema. Kisha akaketi, akanisimulia.

Aliingia jeshini akiwa kijana. Hakuna aliyemlazimisha. Alisema nchi hii iliwapokea wakiwa na masanduku tu, na yeye alitaka kuirudishia kitu. Akawa fundi wa malori ya jeshi, na aliipenda kazi ile kuliko kitu chochote alichofanya baadaye. Halafu siku moja akaitwa katika chumba, akawakuta wanaume wawili wenye suti. Wakamuuliza analala na nani. Wakamuuliza tena na tena, siku baada ya siku, wakitaka majina ya wengine pamoja na vitu ambavyo hakuweza kunitajia mimi mke wa mdogo wake. Walimwambia mtu kama yeye ni hatari kwa nchi, kwamba adui anaweza kumtishia kwa siri yake. Hakuwapa jina hata moja. Wakamfukuza, na katika kumbukumbu zake wakaandika kwamba hafai kwa utumishi.

Alirudi nyumbani na begi lake, akawaeleza wazazi mezani, bila kuzunguka. Baba yake aliinuka akaenda kuosha gari, na lilikuwa safi. Mama hakusema kitu mpaka Jumapili. Walipofika kanisani padre akaja kuwasalimia, akashangaa kumwona kijana hana sare. Mama akasema, "Ameumia mgongo, Padre, wamemrudisha." Halafu walipokuwa wanaingia akamnong'oneza mwanawe, "Inama kidogo, baba. Watu wanakuona."

"Nikainama," shemeji akaniambia. "Nilidhani ni wiki mbili."

Mimi nina hasira za karibu, sikatai. Kwa muda mrefu baada ya siku ile nilimsalimia mama kwa ufupi na kumpikia wali bila nazi. Aliona, akajua, na hakuuliza. Nilimkasirikia kuliko nilivyowakasirikia wale wenye suti, pengine kwa sababu wale sikuweza kuwanyima nazi. Baadaye nilianza kumwelewa. Miaka ile ungeitaja habari hiyo katika ukumbi wa parokia, shemeji asingepata hata mtu wa kukaa naye meza moja. Mama alimfichia mwanawe aibu, na akajifichia yeye pia, na nadhani mwenyewe hakujua wapi moja inaishia na nyingine inaanzia. Ila mama alikuwa anaukumbuka uongo ule mara moja kwa mwaka. Shemeji alikuwa anauvaa kila Jumapili, kuanzia kwenye maegesho ya magari. Niliwahi kumtazama kupitia kioo cha gari letu: anashuka akiwa amenyooka, anafunga mlango, anavuta pumzi, halafu mabega yanashuka. Nililia siku hiyo, na mume wangu akadhani ni mafua.

Miaka ikapita namna hiyo. Kisha serikali ikaja kuomba radhi. Waziri mkuu alisimama bungeni, akasema hadharani kwamba watu hawa walionewa, akafuta machozi. Shemeji aliitazama kwake, pamoja na mwanamume aliyeishi naye kwa miaka mingi na ambaye mama alimwita "mpangaji mwenzake". Mimi niliitazama kwa mama. Alikuwa anamenya vitunguu saumu. Mikono yake ilisimama, ikakaa vile mpaka hotuba ikaisha. Nikangoja aseme neno.

"Badilisha stesheni," akasema. "Misa inaanza."

Baada ya hapo waliofukuzwa waliruhusiwa kuomba majalada yao na kutaka kumbukumbu zirekebishwe. Shemeji alikuja kufanyia kazi hiyo kwenye meza yangu ya chakula, kwa sababu mume wangu akisikia mambo yale anatoka nje kuvuta sigara aliyoacha zamani. Jalada lilipofika lilikuwa nene, nusu ya mistari imefunikwa kwa wino mweusi. Palikuwa na ukurasa ambapo mkubwa wake wa karakana alimsifu kuwa ni fundi wa kutegemewa. Kurasa chache mbele yake limeandikwa lile neno, hafai. Aliweka kidole hapo, na chai yake ikapoa.

Nilidhani kurekebisha ni kufuta. Sivyo. Walieleza kwamba hawafuti kilichoandikwa, bali wanaambatanisha tamko kwamba alifukuzwa kwa sera ya dhuluma, kwamba hakuwa na kosa, na kwamba alitumikia kwa heshima. Mimi nikawaka. Nikasema huo ni ujanja, uongo unabaki palepale na ukweli unabandikwa kama kiraka. Shemeji akatikisa kichwa.

"Ubaki," akasema. "Wakiufuta, nani atajua walinifanya nini?"

Nikamuuliza basi anataka nini kutokana na haya yote. Niliuliza kwa sababu nilimwona anavyohangaika, mtu aliyepita sitini, anaandika aya moja anaichana, anaandika tena. Hakufikiri hata kidogo kabla ya kujibu.

"Nataka kubeba, shem. Mara moja tu, kabla sijawa mzee wa kubebwa."

"Si uende ukabebe? Nani atakukamata?"

"Nikibeba hivi hivi, nitakuwa nimemwita mama mwongo mbele ya watu wake. Lazima aseme mwenyewe. Na akifa kabla hajasema, basi, sibebi tena. Nitaendelea na huu mgongo mpaka kaburini kwangu."

Mama alikuwa na miaka themanini na kitu, na moyo wake ulikuwa umeanza kuchoka. Kwa hiyo kuanzia siku ile tulikuwa tunangoja mambo mawili, jeshi na mama, na mimi kwa siri nilikuwa nadhani jeshi ndilo litakalokuwa gumu zaidi.

Tamko lilifika majira ya kuchipua. Shemeji alilileta Don Mills, amevaa tai, akamsomea mama polepole, akimtafsiria maneno ya kiserikali kwa Kiswahili. Mama alisikiliza mikono imo mapajani. Shemeji alipofika pale panaposema alitumikia kwa heshima, akarudia mstari. Tukangoja. Mama akatutazama kwa zamu, mwanawe huyu, mwanawe yule, kisha mimi.

"Sasa watu tutawaambia nini kuhusu mgongo?" akauliza.

Shemeji akacheka. Alicheka mpaka akashika meza, halafu kicheko kikageuka, na mtu mzima yule akalia mbele ya mama yake na karatasi mkononi. Mume wangu akaenda dirishani. Mimi ndipo hasira zangu za karibu zikafika.

"Mama," nikasema, "jeshi zima limesahihisha. Umebaki wewe."

Akanitazama kana kwamba nimevunja sahani.

"Wewe ni mke wa mtoto wangu," akasema. "Si padre wangu."

Tangu hapo hakula chakula changu. Alikula mkate mkavu na kunisema kwa Kiswahili nikiwa nimesimama palepale, akimwambia mume wangu, "Mwambie mkeo afunge dirisha." Ningecheka kama nisingekuwa na hofu. Katikati ya kiangazi mapafu yake yalijaa maji, akalazwa, na kwa siku kadhaa tulidhani ndiyo mwisho. Shemeji hakubanduka kando ya kitanda chake. Mama aliongea naye kuhusu Tanga, kuhusu bei ya maembe, kuhusu shangazi aliyekufa akiwa na meno yote. Habari ile hakuigusa. Nilimwona shemeji akitoka chumbani, akaegemea ukuta wa hospitali akiwa amejiinamia, ingawa pale hapakuwa na mtu wa parokia wa kumwona. Hapo nilimwogopea kweli. Niliona kwamba mwili wake umeanza kuusadiki ule uongo.

Mama akapona nusu. Alirudi nyumbani katika kiti cha magurudumu, mdogo, sauti imebaki ileile. Mwezi wa tisa ulipofika akasema lazima aende kwenye sikukuu. Mume wangu aliniapisha nisifungue mdomo. Nikaapa.

Ilikuwa asubuhi ya jua na upepo. Machela ilikuwa juu ya meza nje ya mlango wa kanisa, imejaa maua meupe. Wabebaji wakajipanga. Mwenyekiti wa kamati, mzee wa Mombasa mwenye sauti ya mnada, akawaita mmoja mmoja. Alipomwita mume wangu, mume wangu hakwenda. Alimwendea kaka yake, akamnyang'anya vimto, akamsukuma kidogo kwenye bega.

Kelele zilizotokea zilikuwa za upendo mtupu, na hilo ndilo lililoniuma. "Anko, mgongo wako!" "Jamani, kiti!" Kijana mmoja akaja na kiti kweli. Mwenyekiti akamshika shemeji kiwiko, taratibu, kama unavyomwondoa mtoto karibu na jiko. Shemeji akamtazama mama. Mama alikuwa anatazama rozari yake. Basi nikamwona akilivaa lile tabasamu lake la kanisani, mabega yakashuka, akarudi nyuma hatua moja. Nilishika mipini ya kile kiti cha magurudumu mpaka vidole vikafa ganzi. Nilikuwa nimeapa.

"Mwacheni abebe."

Mama alisema kwa Kiswahili. Vijana hawakuelewa. Wazee wote waligeuka.

"Mama, mgongo wake..." mwenyekiti akaanza.

"Mgongo wake ni mzima. Siku zote ulikuwa mzima. Habari ya mgongo niliizua mimi."

Nyuma yangu msichana akamuuliza bibi yake kwa Kiingereza kumesemwa nini. Mwenyekiti alikuwa bado ameshika kile kiwiko.

"Sasa jeshini ilikuwaje?" akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo.

"Walimfukuza kwa sababu anapenda wanaume," mama akasema. "Wao wameshamwomba radhi kwa maandishi. Mimi mikono yangu haiandiki tena, kwa hiyo namwomba hapa hapa." Akainua uso kwa mwanawe. "Nisamehe, baba. Nilikuinamisha."

Sitasema watu wote walipiga makofi, kwa sababu hawakupiga. Mama mmoja aliwashika wajukuu zake mkono akaenda nao kwenye gari, na hakurudi mwaka ule. Padre alikuwa anatazama viatu vyake. Mzee mwingine, mmoja wa wale waliokuwa wakimpa shemeji kiti miaka yote, alisimama tu na kofia mkononi. Shemeji hakusogea. Machozi yalikuwa yanamtoka wala hayafuti.

Mwenyekiti ndiye aliyeachia kiwiko.

"Haya," akasema. "Maua yananyauka. Ingia, nafasi yako ile pale."

Shemeji akaingia chini ya mbao. Wakahesabu kwa Kiingereza, wakanyanyua wote wanne pamoja, na watu wakapiga kelele, kwa sababu sanamu ilikuwa inaanguka. Machela ilikuwa imelala upande mmoja kama kitanda kilichovunjika mguu. Wabebaji hupangwa kwa kimo, na pale kila mtu alimjua shemeji akiwa ameinama. Hakuna aliyejua urefu wake. Aliponyooka alimpita mwenzake wa upande wa pili kwa kichwa kizima.

"Anko, inama kidogo!" yule mwenzake, kijana, akapiga kelele akiwa ameelemewa. "Inama kidogo, plizi!"

Nikaona mabega ya shemeji yakianza kushuka. Hakufikiri, yalishuka yenyewe, yalishazoea.

"Asiiname!" mama akapiga ukelele, akauchapa mkono wa kiti mpaka rozari ikaruka chini. "Asiiname tena! Huyo mwingine mwongezeeni vimto!"

Mume wangu, ambaye sasa ndiye aliyekuwa na vimto, akakimbia akaweka kimoja juu ya bega la yule kijana. Hakikutosha. Akaweka cha pili, akaweka na koti lake mwenyewe juu yake, na sisi sote tukasimama pale kwenye upepo tukingoja, mpaka sanamu ikasimama wima.